Jinsi nilivyoinyamazisha dashibodi kwa ajili ya taa za LED

Najua niliahidi kuendelea na habari za hifadhidata, lakini mniwie radhi, leo hifadhidata itangoje. Nataka kuzungumzia globu.

Ndiyo, globu za gari. Kuna jambo nimekuwa nikiliweka moyoni tangu Desemba 2023 na kila nikikaa kuandika mengine linanijia mbele.

Mwaka 2022 nilinunua gari langu la kwanza. Ni dogo, la Kijerumani, la mwaka 2012, na liliingia nchini kupitia Mombasa mwaka 2019 likiwa na miaka saba, yaani mwaka mmoja tu kabla ya ile kanuni yetu ya miaka minane kulifungia mlango. Jina la kampuni naliacha, maana kampuni haina kosa katika kisa hiki. Baba, ambaye aliendesha malori kwa miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba, alilizunguka mara mbili, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu, kisha akaniuliza kama taa zote zinawaka. Nikamwambia, "Baba, hili halihitaji kuzungukwa. Globu ikiungua, gari lenyewe linakuambia kwenye dashibodi." Akacheka kidogo, hakusema kitu. Mama alikuwapo, akasikia. Likumbukeni hilo.

Haya, LED zilinijiaje? Mwenzangu kazini alikuwa amebadilisha taa za gari lake na akawa hana habari nyingine mchana kutwa. Na kusema kweli hoja zake zilikuwa na maana. Globu ya kawaida ya breki hula wati 21, na sehemu kubwa ya umeme huo inaishia kuwa joto, si mwanga. LED inakupa mwanga wa kutosha kwa wati tatu hivi. Halafu kuna kasi. Uzi wa globu unahitaji muda wa kupata moto, kama sehemu mbili za kumi za sekunde, kabla haujawaka sawasawa, ilhali LED inawaka papo hapo. Sehemu mbili za kumi zinaonekana kitu kidogo, lakini gari linalokufuata kwa kilomita 100 kwa saa husafiri zaidi ya mita tano katika muda huo. Mita tano ni urefu wa gari zima! Nilipopiga hesabu hiyo nikaona nimechelewa kubadilisha.

Jumamosi moja nikashuka Kirinyaga Road, nikanunua seti nzima ya nyuma: taa ndogo, breki, indiketa na za namba. Nyumbani nikazifunga mwenyewe kwa nusu saa. Mambo mawili tu yalinisumbua. LED ni diodi, kwa hiyo ina upande wa chanya na upande wa hasi, na ukiichomeka kinyume haiwaki, igeuze tu. La pili ni rangi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha rangi ya machungwa weka ya rangi ya machungwa. Nyeupe nyuma ya kioo chekundu inakupa waridi, na gari linaonekana limetoka harusini.

Nikawasha gari. Dashibodi ikajaa manjano. Alama ya globu, ujumbe wa taa ya breki ya kushoto, ujumbe wa breki ya kulia, taa ndogo zote mbili. Nikawasha indiketa, ikaanza kupiga haraka haraka kama moyo wa sungura. Na nilipozima gari na kusimama kando kulitazama, taa za nyuma zikawa zinametameta kidogo zenyewe, gizani, kama zina mapepo.

Hapa ndipo kazi yangu ya ofisini iliponisaidia, maana nilijua kwamba kompyuta haina mapepo, kuna kitu imeambiwa ifanye. Nikasoma hadi usiku wa manane. Nitawaeleza nilichokielewa, kwa sababu sehemu hii ni tamu.

Gari kama langu halipeleki umeme moja kwa moja kutoka swichi hadi globu. Kati yake kuna kompyuta ndogo inayosimamia taa, na inapoiwasha globu inapima pia mkondo unaopita. Gawanya wati 21 kwa volti 12 unapata ampea 1.75. Hicho ndicho inachotarajia kukiona. LED ya wati tatu inavuta robo ya ampea tu. Kompyuta haina macho, haioni mwanga, inaona mkondo peke yake. Robo ya ampea kwake ni uzi uliokatika, na kwa jinsi ilivyofundishwa haijakosea.

Indiketa kupiga haraka ni hadithi ileile, ila ya zamani zaidi. Hata magari yasiyo na kompyuta yoyote yalikuwa na rilei ya indiketa iliyotegemea mkondo wa globu. Moja ikifa mkondo unapungua, mdundo unabadilika, dereva anajua. Wala haukuwa ufundi wa hiari. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa za magari, inataka dereva ajulishwe indiketa yake ikiharibika.

Na yale mapepo? Yale ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Uzi wa globu ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi au hata chini ya ule wa uzi uliopata moto. Kwa hiyo hata taa zikiwa zimezimwa, kompyuta inaweza kutuma mpigo mfupi mno wa umeme ili ione kama njia iko wazi. Mpigo ni mfupi kiasi kwamba uzi hauwahi kupata joto, kwa hiyo wewe huoni kitu. Gari limekuwa likizichunguza taa zake miaka yote hiyo bila mtu kujua! LED yenyewe haingoji joto. Ukiigusa kwa umeme inawaka, hata kwa mpigo mdogo namna gani, na ndiyo maana ilikuwa inametameta.

Jumatatu nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hakushangaa hata kidogo. "Kumbe gari ni la Ulaya? Basi ulihitaji zile za CANBUS, bosi." Akatoa paketi nyingine, bei karibu mara mbili, neno CANBUS limeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu.

Naomba nipumue kidogo hapa, kwa sababu neno hilo linaniudhi. CAN ni mtandao wa kompyuta za ndani ya gari. Bosch waliutambulisha mwaka 1986, na mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Ni waya mbili zilizosokotwa pamoja, ambamo injini, breki, dashibodi na wenzao wanapelekeana ujumbe. Globu haimo katika mazungumzo hayo. Globu ina umeme unaoingia na umeme unaotoka, basi. Kilichomo ndani ya globu iliyoandikwa CANBUS ni rizista, kipande kinachovuta umeme bila kazi yoyote ili mkondo ufanane na wa globu ya zamani. Ni kama mfanyakazi anayegonga kibodi bure ili mkubwa akipita aone watu wako kazini.

Nikanunua hata hivyo. Nikaziweka kwenye taa ndogo, na onyo la taa ndogo likatoweka.

Kwa breki na indiketa hazikutosha, nikaenda Luthuli Avenue kutafuta rizista za nje, zile zenye gamba la alumini la rangi ya dhahabu, wati 50, omu 6. Nikaziunganisha sambamba na LED, nikazifunga kwa kamba za plastiki kwenye ukuta wa ndani wa buti. Onyo likazimika, indiketa ikatulia. Nikalala kama mfalme.

Siku tatu baadaye, nikiwa kwenye msongamano wa Thika Road, mguu kwenye breki, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofungua buti nilikuta rizista moja imejizamisha ndani ya plastiki kama kisu ndani ya siagi. Sikuwa nimefanya hesabu, mtu mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi! Injini ikiwa inanguruma umeme wa gari si volti 12, unakaribia 14. Chukua 13.8, gawanya kwa omu 6, unapata ampea 2.3. Zidisha tena kwa 13.8, unapata karibu wati 32. Yaani nilibadilisha globu ili niokoe wati 18, kisha nikafunga kipande cha chuma kinachochoma wati 32 ndani ya buti. Ile alama ya wati 50 juu ya gamba, kwa njia, haimaanishi kwamba haitapata moto. Inamaanisha itavumilia ikiwa imefungwa kwa skrubu kwenye bati kubwa linaloweza kulichukua hilo joto. Kwenye indiketa inayowaka na kuzima unaweza kusalimika. Kwenye breki, katika foleni ya Nairobi, hapana.

Nikazing'oa zote mbili. Hapo nikafanya kile ambacho mtu wa programu hukifanya akishindwa na vifaa.

Chini ya usukani kuna soketi ya uchunguzi. Nikaazima kebo yake kwa rafiki, nikaunganisha laptopu, nikaifungua ile kompyuta ya taa. Mipangilio yake ni mstari mmoja mrefu wa tarakimu za heksadesimali, na kila biti ina maana yake. Nikaunakili mstari wa awali kwenye faili, maana hilo angalau nilifundishwa vizuri. Kisha nikazima biti za ukaguzi wa taa za nyuma, ule wa zikiwa zimewaka na ule wa zikiwa baridi. Nikahifadhi, nikazima gari, nikawasha tena.

Kimya. Hakuna manjano, hakuna kumetameta. LED zikawaka zote safi, nyekundu ya kupendeza. Nilicheka peke yangu pale kwenye maegesho. Nyinyi mnaoandika programu mtaelewa nilichofanya: jaribio lilikuwa linafeli, nami badala ya kurekebisha programu nikalifuta jaribio. Kazini ningemkemea mtu kwa hilo. Garini nilijipongeza.

Tena nilikuwa mvivu. Baada ya kuzima ukaguzi sikuwa na haja tena ya zile globu za herufi za dhahabu kwenye taa ndogo. Ningeweza kurudisha LED za kawaida, zisizojichoma. Nikaziacha, kwa kuwa zilikuwa zinawaka.

Desemba 2023, siku chache kabla ya Krismasi, nilikuwa nampeleka Mama Nakuru. Nyuma kando yake alikuwa mtoto wa dada yangu, miaka minne, amelala kwenye kiti chake. Tulichelewa kutoka mjini, na tulipofika Kimende giza lilikuwa limeingia na ukungu umeshuka. Wanaoijua barabara ile wanajua ukungu wake: unaona taa zako mwenyewe zimegonga ukuta mweupe, basi. Nikapunguza mwendo hadi kama 40. Nyuma yangu, mahali fulani kabla ya Kinungi, mataa mawili yakatokea ghafla kwenye kioo yakiwa makubwa mno, honi ikalia, nikasikia magurudumu yanakwaruza lami. Nilikuwa nimegusa breki sekunde ileile, kwa bahati tu, kwa sababu ya shimo. Matatu ikapita kulia kwangu karibu kunigusa kioo, ikarudi mbele, ikapotea ukunguni. Mtoto akaamka akalia. Mama alikuwa anasema "Yesu, Yesu" kwa sauti ya chini.

Nilimlaani dereva yule hadi Naivasha. Nikaingia kituo cha petroli ili mtoto atulie, na matatu ilikuwa pale pale, abiria wananunua maji. Dereva, mtu mzima wa makamo, akanijia mwenyewe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wa kugomba.

"Kijana," akasema, "gari lako halina taa nyuma. Sikukuona kabisa mpaka ulipokanyaga breki." Kisha akainama dirishani. "Pole sana, Mama."

Nilizunguka nyuma. Taa ndogo ya kushoto ilikuwa imekufa. Ya kulia ilikuwa ikiwaka na kuzima kwa unyonge, kama tochi ya betri kuukuu. Breki zilikuwa nzima, kwa hiyo nilikuwa naonekana pale tu nilipokanyaga. (Taa ya ukungu ya nyuma gari linayo. Sikuikumbuka hata kidogo.) Mbele, dashibodi ilikuwa nzuri, safi, haina neno.

Mama alikuwa ameshuka, amejifunga leso mabegani kwa baridi. Akatazama, akaniuliza bila ubaya wowote, "Si ulimwambia Baba yako gari hili hukuambia lenyewe?"

Nikamwambia lilikuwa linaniambia. Nililizima.

Sikuweza kumweleza zaidi. Globu za zamani nilikuwa nazo, zimefungwa ndani ya soksi kwenye buti, kwa sababu Baba alisema kitu kizima hakitupwi. Dereva wa matatu alinishikia simu kwa mwanga huku abiria wake wakimwita, nikazirudisha mbili zile, zikawaka manjano yao ya kizamani. Sikujua nimshukuruje. Alikataa hata chai.

Nilipozipasua zile LED baadaye, ndani zilikuwa nyeusi. Rizista ilikuwa imekaa sentimita moja kutoka kwenye diodi, ndani ya kijumba kisicho na hewa, ikitoa joto muda wote taa inapowaka. Risasi ya kuunganishia ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Uzi wa globu umeumbwa uishi motoni. LED hufa kwa joto. Na zote mbili zilikuwa za paketi moja, zimewaka saa zilezile, kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba zilichoka usiku mmoja.

Sasa nimefanya nini? Nilirudisha mstari wa awali kutoka kwenye faili yangu, tarakimu kwa tarakimu. Taa ndogo na indiketa zimebaki globu za uzi. Kwa breki nilibahatika: kompyuta ya gari langu inaruhusu kuiambia kwamba mahali fulani pamefungwa LED, na hapo haiachi kukagua, inashusha tu kiwango cha mkondo inachotarajia. Kabla ya kuamini nilizing'oa moja baada ya nyingine nione kama itapiga kelele. Ikapiga. Si magari yote yana nafasi hiyo, na kama la kwako halina, baki na globu ya uzi nyuma. Taa za ndani ya gari na za buti badilisha upendavyo, ukikosea hapo hakuna wa kukugonga.

Wenye magari ya Kijapani ya kawaida, ambayo wengi wetu tunayo, mara nyingi hamtaona onyo lolote isipokuwa ile indiketa ya haraka. Dawa yake si rizista. Ni rilei ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, inayopiga mdundo uleule bila kujali mkondo. Lakini fahamuni mnachonunua: baada ya hapo indiketa ikifa, mdundo hautabadilika. Itabidi mshuke mkatazame.

Na taa kubwa za mbele? Tafadhali. Kile kioo cha nyuma ya globu kimechongwa kwa uzi ulio mahali pamoja maalumu. Ukiweka LED ambayo chanzo chake cha mwanga kimekaa penginepo, mwanga unatawanyika, na wanaokuja mbele yako wanapofuka. Sitasema zaidi, nyote mmekutana nao.

Baba alikuja mjini mwezi uliopita. Asubuhi tulipokuwa tunatoka, nilimkuta amesimama nyuma ya gari, mikono mgongoni, akaniambia, "Kanyaga breki." Nikakanyaga. "Indiketa kushoto. Kulia." Kisha akaingia, akafunga mkanda, tukaenda.

Zile rizista mbili za Luthuli bado ziko kwenye droo yangu. Anayezihitaji kwa kazi ya maabara namgawia bure.